Woga wa usaili wa kazi: kabla ya siku, ndani ya chumba na baada ya kutoka

Moyo unadunda, viganja vinalowa, mdomo unakauka, na tumbo linadai choo mara tatu kabla hujaitwa. Wengi wakizipata dalili hizi huamini kwamba hawako tayari. Si kweli. Ni mwili wenye afya ulioambiwa kwamba kuna hatari. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, damu inaelekezwa kwenye misuli, mate yanapungua na utumbo unavurugika. Mvuvi aliyekutana na kiboko usiku karibu na mwalo, na kijana aliyeketi mbele ya watu watatu wenye mafaili, miili yao inafanya kazi ile ile.

Ndiyo maana kujiambia "tulia, tulia" hakusaidii sana. Adrenalini ikishaingia kwenye damu haiondoki kwa kuamriwa. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia wana hamasa kabla ya kuhutubia, kuimba au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojitahidi kutulia. Woga na hamasa vina mapigo yale yale ya moyo, kwa hiyo kubadili maana ya mapigo hayo ni rahisi kuliko kuyazima. Moyo ukianza kwenda mbio, jiambie kwa sauti ndogo: "Mwili wangu umejiandaa kwa kazi."

Lakini sentensi hiyo haibebi usaili peke yake. Sehemu kubwa ya woga wa chumbani inatokana na mambo mawili yanayoweza kumalizwa nyumbani: mdomo ambao haujawahi kutamka majibu, na mambo madogo ya siku yenyewe (njia, vyeti, nguo, chakula) yaliyoachwa yajipange yenyewe.

Wiki moja kabla: zoeza mdomo

Kosa linalorudiwa zaidi ni kujiandaa kwa kusoma kimya. Unapitia majibu kwenye simu, unayatambua, unaona unayajua. Chumbani hakuna cha kutambua. Unatakiwa kuyatoa kichwani na kuyatamka huku watu wanakutazama, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Ukiifanya kwa mara ya kwanza siku ya usaili, hofu ina haki yake.

Andika maswali manane yanayokuja karibu kila mahali: jieleze, kwa nini unataka kazi hii, kwa nini taasisi yetu, una udhaifu gani, eleza kosa ulilowahi kufanya kazini au chuoni, uliwahi kugombana na mwenzako, mkamalizaje, unatarajia mshahara kiasi gani, na swali moja gumu la fani yako. Kwa kila swali usiandike jibu zima. Andika maneno manne tu ya kukuongoza, kisha jibu kwa sauti, ukiwa umekaa kitini, kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Jirekodi kwa simu, sikiliza mara moja, rudia. Jibu lililokaririwa neno kwa neno ni hatari, kwa sababu neno moja likidondoka, yote yanayofuata yanadondoka nalo. Jibu lililojengwa kwa maneno manne lina njia nyingi za kurudi barabarani.

Kuna sehemu moja tu ya kukariri: sentensi mbili za kwanza za "jieleze". Woga huwa mkali zaidi mwanzoni, kisha hushuka mtu anapoendelea kuongea, hivyo sentensi hizo mbili zinakuvusha mahali pabaya. Mfano: "Nina stashahada ya uhasibu, na kwa miaka miwili nimetunza hesabu za duka la dagaa la familia pale Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nimeomba nafasi hii kwa sababu kazi ninayoifanya kila siku, ya kufuatilia madeni na kufunga hesabu, ndiyo mliyoieleza kwenye tangazo." Hakuna historia ya shule ya msingi, hakuna idadi ya wadogo zako.

Huyo wa dagaa mara nyingi ndiye mwenye hofu kubwa kuliko wote, kwa kuwa anajiona hana uzoefu. Uzoefu anao, ila hajaupanga. Upange kwa hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa nini, ulifanya nini, matokeo yakawa nini. "Wateja wa mkopo walikuwa wanaandikwa daftari moja na mauzo ya fedha taslimu, mwisho wa wiki hesabu haikai. Mimi ndiye niliyekuwa nakabidhiwa fedha. Nikatenganisha madaftari mawili, kila mdaiwa nikampa ukurasa wake, nikaanza kufunga hesabu kila jioni. Ndani ya mwezi tukawa tunajua nani anadaiwa kiasi gani bila kubishana." Jibu hili halichukui hata dakika moja, na jopo linaona mtu anayeweza kazi. Andaa visa vitatu vya namna hii. Kisa kimoja kizuri kinaweza kujibu swali la kosa, la mgogoro na la mafanikio, ukigeuza tu upande unaouonyesha.

Sasa zoezi ambalo Mwanza inalitoa bure. Jiji limejengwa juu ya vilima vya mawe, na ngazi za Mabatini, Bugarika au kupanda kuelekea Bugando zinatosha. Panda kwa haraka dakika mbili au tatu hadi moyo uende mbio na pumzi ikatike. Simama, toa pumzi ndefu, kisha hapo hapo jibu "jieleze" kwa sauti. Mara ya kwanza maneno yatakatika. Kufikia siku ya nne au ya tano utagundua kwamba mtu anaweza kusema sentensi kamili huku moyo unadunda, na huo ndio ujuzi unaotakiwa chumbani. (Mwenye pumu, mwenye tatizo la moyo au mjamzito aliache zoezi hili, atosheke na la kitini.)

Siku mbili kabla, tafuta watu watatu wakae upande mmoja wa meza, nawe upande wa pili. Jirani mwalimu, mama mkubwa, rafiki uliyesoma naye. Waambie wasitabasamu, wasitikise kichwa, na mmoja awe anaandika muda wote bila kukutazama. Hili lina sababu. Kwenye usaili wa nafasi za umma wasaili hujaza alama kwenye karatasi wakati unaongea, na nyuso zao mara nyingi hazisemi chochote. Msailiwa ambaye hajawahi kuongea mbele ya nyuso za namna ile hudhani ameshaharibu, anaanza kuongeza maneno, na hapo ndipo anapoharibu kweli. Uso mkavu wa msaili hauna alama ndani yake.

Kuhusu Kiingereza. Kwa wengi hofu kubwa si maswali bali ni lugha. Kama tangazo au wito haukutaja lugha, ukiingia uliza kwa heshima: "Naomba kujua, nijibu kwa lugha gani?" Ikiwa ni Kiingereza, tumia sentensi fupi zenye mtendaji, kitendo na mtendwa. Zoeza majibu yako manane kwa Kiingereza hicho hicho chepesi, usitafute maneno mazito ya kuwavutia wasaili, kwa sababu neno usilolizoea ndilo linaloleta kigugumizi. Andaa pia sentensi moja ya Kiingereza ya kuomba swali lirudiwe, uitamke mpaka itoke yenyewe.

Siku moja kabla

Toa kila kitu kwenye bahasha, kikague, kirudishe. Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, inayosaili waombaji wa kazi za umma, hutakiwa vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kwa aliyefika, na cha taaluma, pamoja na kitambulisho chenye picha. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi badala ya vyeti. Majina yakitofautiana kati ya cheti kimoja na kingine, shughulikia hati ya kiapo ya majina mapema, maana kugundua hilo mlangoni kunamwaga adrenalini ambayo hakuna pumzi itakayoishusha kwa wakati. Namba ya usaili inayoonekana kwenye akaunti yako ya Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi za umma) iandike kwenye karatasi, usiiache kwenye simu inayoweza kuzima chaji.

Vaa nguo zote jioni hiyo, pamoja na viatu, ukae kitini dakika kumi. Shati linalobana shingo, sketi inayopanda ukikaa, kiatu kipya kinachochubua: vyote hivi huonekana ukiwa umekaa, na kesho vitakuwa vinakula akili unayoihitaji. Shati la bluu iliyopauka huonyesha jasho la kwapani haraka. Jeupe au la rangi nzito hulificha.

Njia nayo ipimwe. Barabara ya Kenyatta, ya Nyerere na ya Makongoro ndizo zinazobeba magari mengi yanayoingia katikati ya jiji, na lori moja likiharibika asubuhi kati ya Nyegezi na Mkuyuni, au kati ya Igoma na Mabatini, daladala yako inasimama nawe. Ongeza dakika 40 juu ya muda wa kawaida. Anayetoka Ukerewe asitegemee chombo cha asubuhi ya siku hiyo; avuke jana yake alale mjini. Wa Sengerema sasa ana daraja la Kigongo na Busisi badala ya kusubiri kivuko, lakini basi bado ni basi, nalo hujaza abiria kwanza.

Usiku, usisome mpaka saa sita. Funga madaftari saa tatu. Kama kichwa hakinyamazi, chukua karatasi na uandike kwa dakika kumi kila unachokiogopa, bila kupamba: "Naogopa wataniuliza sheria ya manunuzi, naogopa nitatetemeka, naogopa nikikosa nitamwambia nini baba." Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika kumi hivi kabla tu ya mtihani: wenye woga mwingi walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Hofu inayozunguka kichwani inachukua nafasi ya kukumbuka. Njia hii inafaa hata asubuhi ya usaili wa mchujo wa kuandika. Na ukilala vibaya usitishike, usiku mmoja wa usingizi mbovu hauondoi ulichokizoeza wiki nzima.

Asubuhi na kwenye benchi

Kula ulichozoea. Uji na chapati moja, au chai na mkate na yai. Usiende na tumbo tupu, kwa kuwa njaa nayo huleta mtetemo na kizunguzungu, ukadhani ni woga. Usile maharage mengi wala vya mafuta. Kama hunywi kahawa kila siku, hiyo si siku ya kuanza, na vinywaji vya kuongeza nguvu viache dukani: kafeini huongeza mapigo na mtetemo, na saa tano baadaye karibu nusu yake ingali mwilini. Mnywaji wa kila siku apunguze hadi kikombe kimoja, asiache ghafla, atapata kichwa kuuma.

Pombe "ya kutoa aibu" inapunguza woga pamoja na kumbukumbu, na harufu inabaki. Dawa za kupunguza mapigo, kama propranolol, watu hupeana siku hizi kama pipi. Kwa mwenye pumu zinaweza kubana pumzi kwa hatari, na kwa mwenye mapigo ya chini zinaweza kumwangusha. Usinywe dawa ya mwenzio.

Fika dakika 30 hadi 45 kabla ya muda. Saa mbili kabla ni nyingi mno, unakaa unachemka. Ukishuka bodaboda, futa vumbi, nawa uso na mikono kwa maji ya baridi, nenda chooni hata kama hujisikii.

Kisha lipo benchi. Hapo pana watu wanaoulizana maswali ya mwisho, na karibu kila mara pana mmoja anayesema nafasi zimeshapata wenyewe. Huna namna ya kulihakiki neno hilo ukiwa umekaa pale, na ukiliamini utaingia ukiwa umeshakata tamaa usoni. Salimia wenzako vizuri, kisha kaa pembeni au simama karibu na dirisha. Usifungue daftari, maana utakutana na jambo moja usilolijua na litafunika hamsini unayoyajua.

Pumzi ndiyo kazi ya benchini. Vuta kwa pua kwa kuhesabu nne, toa taratibu kwa kuhesabu sita, mabega yakiwa yameshuka na tumbo ndilo linalotanuka. Fanya hivyo dakika tano. Kutoa pumzi ndefu kuliko unavyovuta ndiko kunakoamsha mishipa ya fahamu inayopunguza kasi ya moyo. Wengi hufanya kinyume, wanavuta hewa kubwa kubwa harakaharaka. Hewa ya ukaa inapungua kupita kiasi kwenye damu, vidole na midomo vinapata ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, na mtu anazidi kuogopa. Ikikutokea, acha kuvuta kwa nguvu, tia mkazo kwenye kutoa tu.

Ndani ya chumba

Bisha hodi, ingia, funga mlango taratibu, salimia wote. Kama jopo ni la wakubwa wako, "Shikamooni" ni salamu sahihi. Mkiwa rika moja, "Habari za asubuhi" inatosha. Subiri kuambiwa ukae. Ukikaa, nyayo zote mbili ziguse sakafu, mgongo ufike kwenye kiti. Sekunde hizi ni zako, toa pumzi moja ndefu kabla ya kufungua mdomo.

Mikono ikitetemeka, usishike karatasi. Mtetemo wa vidole ambao msaili hauoni, karatasi inauonyesha na kuupa sauti. Kalamu nayo inagonga meza. Weka vyeti mezani, viganja juu ya mapaja au vidole vimefumbatana, na ukihitaji kutuliza mkono, kandamiza mapaja kwa viganja sekunde tano kisha achia. Ukipewa glasi ya maji, ishike kwa mikono miwili, unywe funda dogo. Kiganja kiwe kimefutwa kwa leso kabla ya kuingia, isije ikawa wa kwanza kukupa mkono ndiye anayepata jasho lote.

Sauti ikitetemeka, sababu yake kwa kawaida ni kuongea pumzi ikiwa imeisha. Simama mwisho wa sentensi, vuta, endelea. Kunyamaza sekunde tatu kabla ya kujibu kwako ni kama dakika nzima, kwa jopo ni mtu anayefikiri.

Kisha kile kinachoogopwa kuliko vyote: akili kufunga. Swali limeulizwa na kichwa ni cheupe. Usijaze pengo kwa "aaa" na usicheke. Toa pumzi. Lirudie swali kwa maneno yako: "Kama nimeelewa, mnauliza hatua nitakazochukua mzigo ukifika bila nyaraka." Kulirudia kunakupa sekunde kumi na kunaleta maneno ya fani mdomoni. Halafu anza na jambo lolote la uhakika, hata dogo, mengine hufuata. Kama hayafuati, sema ukweli: "Hilo sina uhakika nalo kwa sasa. Ninachojua ni hiki, na ningeliuliza kwa msimamizi kabla ya kuamua." Kubuni jibu kunaleta swali la pili juu ya ulichobuni, na hapo woga unakuwa na sababu.

Ukigundua umekosea katikati, jirekebishe mara moja: "Naomba nirekebishe, nilimaanisha kila mwezi, si kila wiki." Omba radhi mara moja tu. Kuhusu kutamka "samahani, nina woga": kulisema mara moja mwanzoni si vibaya, na kwa baadhi ya watu kunatua mzigo. Likirudiwa mara tatu, linageuka kuwa ndilo jopo linalolikumbuka.

Usaili wa simu au wa mtandaoni una woga wake wa mtandao kukatika. Weka bando na chaji jana yake, kaa karibu na dirisha ukitazama ulipo mwanga, na uwe na namba ya kupiga ikikatika. Kwa simu, simama. Sauti inatoka vizuri.

Mwishoni wakikuuliza kama una swali, uliza lini majibu yanatarajiwa. Tarehe hiyo itakusaidia sana baadaye.

Ukishatoka

Dakika chache nje ya jengo mwili unalegea, wengine wanatetemeka zaidi kuliko walivyokuwa ndani, wengine wanalia. Ni adrenalini inashuka. Kunywa maji, tembea dakika 20 bila kumpigia mtu simu, kula.

Ndani ya saa moja andika maswali yote uliyoulizwa na lile uliloshindwa, basi. Usiandike hukumu kama "niliboronga". Saa za mwanzo kumbukumbu huchagua pale ulipojikwaa na kuacha dakika 20 ulizoongea vizuri, hivyo tathmini ya siku hiyo haifai kuaminiwa. Rudi kwenye karatasi kesho yake, tafuta majibu ya yale yaliyokushinda, yaongeze kwenye maswali yako manane.

Wa nyumbani wataanza kuuliza. Jiandalie jibu moja: "Nimeenda, nimejibu, majibu watatoa tarehe fulani." Kwa kampuni binafsi, tuma barua pepe fupi ndani ya siku moja: shukrani, nafasi uliyoomba, tarehe ya usaili, jina lako. Isizidi mistari minne, na isijaribu kusahihisha jibu. Tarehe waliyotaja ikipita, subiri siku tano za kazi ndipo uulize, mara moja. Kwa nafasi za umma angalia akaunti yako kwa saa maalumu, mathalani jioni tu, badala ya kila nusu saa. Huku ukisubiri, tuma maombi mengine. Anayesubiri jibu moja tu hupata woga mara mbili kwenye usaili unaofuata.

Kuna woga unaozidi huu. Kama kwa wiki kadhaa hulali, unakataa wito wa usaili kwa hofu, au unapatwa na mashambulio ya ghafla ya moyo kwenda mbio, kifua kubana na kuhisi unakufa hata pasipo usaili, nenda hospitali. Maumivu ya kifua yachunguzwe kwanza na daktari, yasiitwe woga kwa kubahatisha. Hospitali ya Bugando ina huduma ya afya ya akili, na hali hizi zinatibika kwa mazungumzo, kwa dawa au kwa vyote viwili. Ukienda, mweleze daktari lini zilianza, huchukua dakika ngapi na unakunywa kahawa au pombe kiasi gani. Ndiyo mambo atakayotaka kuyajua kwanza.